Mrejesho: Fundi wa saruji anayetaka kukarabati nyumba za Mji Mkongwe

Niliuliza fundi aliyezoea saruji aanze kujifunza nini ili aweze kukarabati nyumba za kale za Mji Mkongwe, Zanzibar. Asanteni sana. Jibu lililofaa kuliko yote: aanze na chokaa, vyeti baadaye.

Chokaa iliyochomwa ikishazimwa, yaani kutiwa maji hadi ilainike, huchujwa, kisha hulazwa shimoni chini ya maji kwa angalau miezi 3. Ukiiwahi, punje ambazo hazijazimika huvimba ndani ya lipu na kuacha vishimo. Kipimo cha kuanzia ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Mchanga uwe umeoshwa, kamwe usiwe wa baharini, kwani chumvi itaumbua lipu. Lowesha ukuta kwanza, kila tabaka lisizidi milimita 10 hivi, halafu funika kwa magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa. Hapa ndipo waliozoea saruji huharibu: wanaharakisha, lipu inakauka kabla ya kushika, inapasuka au inageuka unga.

Saruji juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ndiyo yaliyojengea kuta za nyumba hizi, ni kosa kubwa zaidi. Hufungia unyevu ukutani, na ncha za boriti za mikoko zilizomo humo huoza. Kwa hiyo ajifunze pia kuibandua saruji ya zamani taratibu kwa patasi, bila kung'oa mawe.