Mafundi mtandao, acheni kuwaambia watu wachague "Usithibitishe" kwenye WiFi ya ofisi!

Wakuu, hili jambo linakera sana. Mtumiaji akishindwa kuingia kwenye WiFi ya ofisi anapewa mwongozo uleule: weka PEAP (njia ya kuingia kupitia handaki lililosimbwa), weka MSCHAPv2 (njia ya kuthibitisha nywila bila kuituma yenyewe), kwenye cheti cha CA (mamlaka inayotoa vyeti vya utambulisho) chagua "Usithibitishe", jaza jina na nywila. Inashika, fundi anaondoka. Huo ni uzembe wa hatari!

Kwenye 802.1X (mfumo wa WiFi ya ofisi ambao kila mtu anaingia kwa utambulisho wake), kisambaza WiFi au swichi haikagui nywila yako. Inashikilia mlango tu, huku ikipitisha ujumbe wa EAP (mazungumzo ya utambulisho) kwenda seva ya RADIUS (ndiyo inayoamua nani aingie) kwa UDP, poti 1812. Seva ikirudisha Access-Accept unaingia, ikirudisha Access-Reject unabaki nje. Seva inakutambua kwa nywila. Wewe unaitambua seva kwa nini? Kwa cheti, basi. Ukizima ukaguzi huo, simu itafungua handaki la TLS na seva yoyote ile. Mtu anawasha kisambaza chake chenye jina lilelile la WiFi, nyuma yake RADIUS ya bandia, na simu inajiunga yenyewe ikiwa mfukoni. Anavuna majibu ya MSCHAPv2, na tangu 2012 ilishaonyeshwa hadharani kwamba kuyavunja ni kazi ya kutafuta ufunguo mmoja wa DES (usimbaji wa zamani) wa biti 56. Nywila yenyewe mara nyingi ndiyo hiyohiyo ya barua pepe na VPN!

Wengine wanachagua vyeti vya mfumo (CA zilizokuja na simu) halafu wanaacha sehemu ya domeni wazi. Hapo yeyote mwenye cheti halali cha domeni yake mwenyewe anapita. Weka CA ya ndani, andika jina la seva kama lilivyo kwenye cheti, sambaza wasifu (mipangilio ya WiFi) kwa MDM (mfumo wa kusimamia vifaa vya ofisi) ili mtumiaji asichague chochote. Cheti cha seva kikikaribia kuisha, kihuishe kwa CA ileile. Ukibadilisha CA bila kusambaza mpya kwanza, vifaa vyote vitakataa kwa pamoja, na hapo ndipo fundi anapokimbilia "Usithibitishe" tena. Mkiweza, hamieni EAP-TLS (kifaa chenyewe kinajitambulisha kwa cheti), hamna nywila ya kuiba.

Na siri ya pamoja kati ya swichi na RADIUS isiwe neno rahisi kukisiwa. Lazimisheni Message-Authenticator (muhuri unaothibitisha kuwa ujumbe wa RADIUS haujachezewa) pande zote mbili, maana Blast-RADIUS, shambulio lililotangazwa 2024, ilionyesha Access-Reject inavyoweza kugeuzwa Access-Accept njiani.

Aliyekwisha kusambaza mwongozo ule aurekebishe wasifu kwenye kila kifaa kwanza, ndipo abadilishe nywila zote. Akianza na nywila, mpya nazo zitavunwa.