Tupeane uzoefu: kupandisha mafaili ya ziada kwenye saiti uliyodizaini kwa programu za kuburuta

fundi_nzuguni
Wakuu heshima kwenu. Najua humu tupo wengi tunaowatengenezea watu saiti ndogondogo hapa Dodoma, lodge za Area C, shule binafsi, jamaa wa zabibu, na wengi wetu kodi za kompyuta hatuandiki, tunadizaini kwa zile programu za kuburuta na kuachia, unaona ukurasa utakavyokuwa, unapablishi, umemaliza. Kasheshe inaanza mteja akikwambia "niwekee na ile fomu wazazi wawe wanaidaunlodi". Hizi programu zinapandisha kilichopo kwenye ukurasa tu, picha uliyoiweka, fonti, basi. PDF iliyolala kwenye folda lako haina habari nayo mpaka uiambie.

Nianze mimi. Bado natumia Adobe Muse, ndiyo najua, Adobe walitangaza 2018 kwamba wanaiacha na sapoti ikaisha Machi 2020, ila kwenye laptop yangu ya zamani inafunguka na saiti za watu zinatoka. Kwenye menyu ya File kuna Add Files for Upload, ukichagua faili hapo, siku ya kupablishi linaenda kukaa kwenye folda la assets, kwa hiyo linki inakuwa domeni yako, mkwaju (/), assets, mkwaju, jina la faili. Kuna shule naihudumia inabadilisha fomu kila mwaka, mimi jina siligusi, ni fomu-ya-kujiunga.pdf mwaka nenda rudi, sababu linki wazazi wameshatumiana whatsapp na imeprintiwa kwenye bango la getini. Ukiweka mwaka kwenye jina, linki zote za zamani zimekufa. Tatizo ni keshi (kopi ambayo simu imejihifadhia), mzazi aliyewahi kuifungua simu inaweza kumletea ileile ya mwaka jana, hivyo kwenye kitufe cha ukurasani naongeza ?v=2 mwishoni mwa linki, mwaka unaofuata ?v=3, brauza inaona kitu kipya inavuta upya. Haya leteni zenu.

mrangi_og
Mkuu umenigusa. Niko Kondoa huku, kuna jamaa anatembeza wageni kwenye michoro ya mapangoni ya Kolo (ile iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO 2006), akanitumia kipeperushi chake kimeandikwa Michoro Kolo FINAL mpya.PDF. Kwenye laptop kila kitu freshi, kikiwa hewani 404, yaani faili halipo. Windows haijali herufi kubwa wala ndogo ila seva nyingi (kompyuta zinazobeba saiti) ni Linux, kwake .PDF na .pdf ni mafaili mawili tofauti kabisa. Na hizo spesi ndo balaa, ukibandika linki whatsapp ile rangi ya bluu inaishia kwenye neno Michoro, mengine yanabaki maandishi meusi, mgeni wa watu anagusa anaambiwa haipo. Siku hizi faili la mteja likifika tu nalibatiza kwanza, herufi ndogo tupu, vistari badala ya spesi, ndo linaingia kwenye programu. Klayenti wengine wanakasirika eti nimewabadilishia jina la dokumenti yao 😂

mama_alizeti
Jamani nacheka mwenyewe. Mimi Singida, nilirithishwa saiti ya mzee mmoja mwenye mashine ya kukamua alizeti, aliyeitengeneza kaondoka. Mzee ana orodha ya bei anaidai ipo kwenye saiti na wateja wanamwambia haifunguki, yeye anawaona waongo. Nikaenda ofisini kwake, akawasha kompyuta, akafungua kopi ya saiti iliyohifadhiwa humohumo, akabonyeza, ikafunguka kweli pwaa, akaniangalia "binti si hii hapa?" Nikamwambia baba naomba unifungulie kwa simu yako. Haikufunguka. Kuangalia linki yenyewe imeanza na file:///C:/Users, yaani inaelekeza kwenye folda la Downloads la ile kompyuta yake! Faili halikuwahi kutoka pale mezani. Dunia nzima inaambiwa ikachukue bei ndani ya kompyuta ya mzee Singida. Toka hapo mimi kujaribu linki ni kwa simu, na wifi nazima kabisa natumia bando, kwenye mashine iliyodizainiwa hata siangalii.

babu_seva
Vijana mnaongea vizuri ila hamjagusa kinachouma. Mafaili mnayoyaweka kwa mkono kupitia FTP (njia ya kutuma mafaili seva) au cPanel (paneli ya kusimamia saiti), yale ambayo programu haiyajui, siku moja mtayakuta hayapo. Ukitumia programu ya kusinkronaizi folda lako na la seva na umeweka tiki ya kufuta kisichokuwepo kwenye kompyuta, inalinganisha, inaona kwenye seva kuna folda ambalo kwako halipo, inafyeka. Nimeletewa kesi ya hivyo na jamaa wa Mpwapwa, ripoti zote za kikundi chao zilizopandishwa na mtu wa ofisini zilikuwa seva tu, kopi hakuna popote. Mimi ya ziada nayatengea folda lake, naliita nyaraka, na folda hilohilo lipo kwenye laptop yangu vilevile lilivyo.

Jingine fundi_nzuguni, hiyo ya assets ni nzuri kwa PDF lakini kuna mafaili hayakubali kukaa humo. robots.txt (inayowaelekeza kina Google wasome nini) lazima iwe kwenye mzizi wa saiti, kwa wengi ni public_html pale juu kabisa, na lile faili la html wanalokupa Google kuthibitisha saiti ni yako nalo ni hivyohivyo. Haya yanapanda kwa FTP au cPanel, hamna namna.

chang_ombe_finest
Shikamoo babu. Swali la pembeni, sisi tunaotumia zile za mtandaoni zisizo na FTP kabisa tunafanyaje? Mi naweka Google Drive nalinki tu

babu_seva
Marahaba. Nyingi zina sehemu ya kupandisha dokumenti, tumia hiyo kwanza. Drive siyo mbaya, ila faili liwe kwenye akaunti ya ofisi, siyo ya kijana wa field, field ikiisha kaondoka nalo. Na ruhusa iwe kwa yeyote mwenye linki, la sivyo maombi ya access yatakujaa mpaka usiku wa manane.

mdau_kisasa
Kwa wenye picha nyingi na bando la kuungaunga, msipandishe moja moja. FTP kila faili inafungua njia yake upya, picha mia ndogo zinachosha kuliko faili moja kubwa. Zipu zote (zibane ziwe faili moja), ingia File Manager ya cPanel, pandisha zipu moja, bonyeza Extract, halafu hiyo zipu FUTA. Nasema futa sababu nimeona backup.zip ya watu ipo palepale kwenye mzizi, jina hilo kila mtu analijaribu.

Na folda lisilo na index.html (ukurasa unaofunguka wenyewe mtu akiingia kwenye folda) angalieni sana. Seva nyingine ukiandika domeni mkwaju jina la folda inakuorodheshea vilivyomo vyote kama soko la Majengo. Kuna ofisi moja sitaitaja, nilikuwa natafuta fomu yao, nikafuta jina la faili kwenye linki nione kama kuna toleo jipya, nikakutana na orodha ya posho za watu na namba za simu humohumo. Nikawapigia. Dawa ni kuweka index.html tupu ndani ya folda, au mstari wa Options -Indexes kwenye .htaccess (faili la mipangilio) kama programu ya seva ni Apache, ila vya siri havikai kwenye saiti hata ukiweka kufuli gani.

mrangi_og
Mdau hiyo ya kufuta jina la faili nimejaribu sasa hivi kwenye saiti ya jamaa wa Kolo. Imeorodhesha. Nipo naandika index hapa

chang_ombe_finest
Hivi mnawachaji? Maana wangu kila Ijumaa ana PDF mpya na anaona ni kubonyeza tu

fundi_nzuguni
Mkuu mimi ipo kwenye pesa ya matengenezo ya mwaka, tumeandikiana kabisa, mabadiliko kadhaa kwa mwezi yamo, yakizidi anaongeza. Wa kwako muoneshe File Manager mwenyewe, mpe folda la nyaraka tu kwa akaunti ya FTP inayoishia humo, kwenye cPanel unaitengeneza kwenye FTP Accounts unamchagulia na folda. Public_html usimpe.