Kufoki Linux ni ubinafsi? Mimi napinga

Wakuu salaam, niko Tabora hapa Isevya. Kuna ndugu yetu wa Kigoma kasema watu wa Linux, ule mfumo endeshi wa bure wa kompyuta, wakigombana kidogo tu kila mmoja anabeba msimbo (code) anaenda kuanzisha yake, ndiko kufoki huko, na kwamba huo ni ubinafsi unaotujazia distro (Linux za aina mbalimbali) zisizo na mtunzaji. Namheshimu ila hapa hapana.

Hiyo haki imo kwenye leseni yenyewe, GPL, leseni inayotumiwa na Linux, inakuruhusu uchukue, ubadilishe, ugawe, huombi kibali kwa mtu. Iondoe hiyo uone. Watu waliweka CentOS 8, distro ya bure, kwenye seva zao wakijua itahudumiwa mpaka 2029, Desemba 2020 Red Hat, kampuni iliyoisimamia, wakatangaza inaisha mwisho wa 2021, sasa mtu mwenye seva za kazi afanyeje? Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS, akaanzisha Rocky Linux, wengine wakaja na AlmaLinux, na kufikia katikati ya 2021 zote zilishatoka. Najua kuna atakayesema Rocky sio foki kamili, wamejenga upya tu kutoka msimbo uleule wa Red Hat, sawa, lakini ruhusa waliyoitumia ni hiyohiyo.

Halafu OpenBSD, mfumo endeshi mwingine wa bure, si Linux ila kufoki ni kulekule. Theo de Raadt aligombana na wenzake wa NetBSD, mfumo waliokuwa wakiujenga pamoja, wakamtoa, 1995 akaanzisha yake, na ule ugomvi haukuwa mzuri hata kidogo. Lakini humo ndimo ilimotoka OpenSSH mwaka 1999, programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa usalama, ambayo NetBSD wenyewe wanaitumia! Wangelazimishwa kukaa nyumba moja wangeendelea kurushiana maneno tu.

Na faida inafika mpaka huku kwetu. Pale karibu na stendi kuna dada ana stationery, kompyuta yake ya zamani ina RAM ya GB 2, ina distro ya Linux Mint yenye MATE, yaani ile sehemu ya menyu na madirisha unayoiona kwenye skrini. MATE ilifokiwa kutoka GNOME 2 mwaka 2011 maana GNOME 3 ilibadilisha kila kitu, menyu hazipo zilipokuwa na mashine dhaifu zinalemewa. Yule dada hajui chochote kuhusu ule mvutano, anachojua ni menyu iko palepale, anachapa CV za watu, anaprinti, maisha yanaenda.

*

Mdau wa Kigoma, Mwanga:
Kaka umetaja waliofanikiwa tu. Mimi kompyuta za shule moja huku ziliwekwa distro ya mtu mmoja, akaichoka akaiacha, apdeti hakuna, tundu la usalama likijulikana hakuna wa kuliziba, ukiuliza unaambiwa hamia nyingine. Nipakue ISO (faili la kuwekea mfumo) ya zaidi ya GB 2 kwa bando langu mwenyewe halafu nizungukie mashine moja moja na flashi. Hiyo gharama mbona hawaihesabu wanaofoki?

*

Mwanzisha mada:
Hapo umenigusa mkuu, na hiyo hoja ni nzito kweli. Ila kosa la yule ni kuwapa watu kitu asichokuwa na nguvu ya kukitunza, kufoki kwenyewe hakuna shida. Angalia distro ya Devuan, walijitenga na distro ya Debian 2014 kwa kuikataa systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo, toleo 1.0 likatoka Mei 2017. Mimi binafsi systemd hainisumbui, lakini wale jamaa nawakubali kwa sababu walijipima, paketi (programu) nyingi wanazichukua za Debian kama zilivyo, wanagusa zile zinazoidai systemd tu, kwa hiyo pachi (marekebisho) za usalama zikitoka Debian nao wanazipata bila kuanza kuhangaika upya. Foki ya namna hiyo inadumu. Anayebeba kila kitu peke yake anachoka, huyo ndiye wa kumkwepa, na shule isiwekewe distro kabla hatujaona pachi zake zinatoka kila mwezi na zinatolewa na watu zaidi ya mmoja.

Ila kusema watu wasifoki kabisa, mkuu, Red Hat walipokata ile 2029 wewe ungewashauri wakae na seva zao wasubiri nini?