Kuna mtu kanikwangulia dhahabu yangu na kucha, tena kashika maiki!!

Mwali_wa_Tabata

Wakuu habari za usiku, kama kwenu ni nzuri hongereni, mimi hapa nimekaa kwenye kochi na nguo ya shughuli sijavua, wanja umeshuka mpaka shingoni, nimetoka sasa hivi kwenye kicheni pati ya mdogo wangu wa kwa mama mdogo na silali mpaka niseme.

Huyu mtu mnamjua. Simtaji, mods wasije wakanifungia bure, ila mnamjua, hakuna shughuli ya mji huu inapita bila yeye, kicheni pati yupo, sendofu yupo, arobaini yupo, msibani yupo na ndo anayegawa soda. Akishika maiki hairudi. Yule yule.

Sasa nisikilizeni. Wenzangu wametoa majiko ya gesi, blenda, masufuria, mimi nikasema huyu mtoto nimpe kitu ambacho hatakipata kwa mwingine. Nikamtengenezea kibweta cha kuwekea hereni na pete, kidogo tu cha kukaa kiganjani, mbao ya mninga. Boksi tupu nilitengenezewa Keko, lakini jina nimechonga mwenyewe kwa mkono wangu hapa hapa sebuleni, NEEMA, halafu nikalilaza dhahabu. Sio rangi ya dhahabu jamani. Dhahabu. Zile karatasi zinazokuja kwenye kijitabu zipo 25, nilimwagiza jirani anayefuata mzigo Dubai.

Mtu ambaye hajawahi kuzishika hizo karatasi hawezi kunielewa. Ile kitu huigusi na kidole, ukiigusa inakugandia kwenye ngozi na ndo basi tena, ukipumua vibaya inaruka inajikunja, kwaheri. Kwa hiyo unazima feni. FENI. Dar hii hii. Unafunga na dirisha, unakaa humo jasho linakutoka mpaka magotini, unapitisha brashi laini shavuni kwako ishike mafuta kidogo ya uso, ndo inaweza kunyanyua karatasi, unailaza taratibu juu ya herufi ulizopaka gundi. Na gundi yenyewe unaivizia, ikiwa mbichi dhahabu inazama inafubaa, ikikauka sana haishiki, unaigusa na kifundo cha kidole, ukisikia inavuta kidogo bila kukuchafua ndo saa yake. Halafu unagandamiza na pamba, unafagia mabaki pole pole. Watoto wa nyumba hii walipigwa marufuku kupiga chafya. Mume wangu alikohoa tu nikamwambia akamalizie kwa jirani.

Basi zamu yangu ikafika, nimeingia nacheza kabisa, kibweta kimekaa juu ya kitambaa cheupe, najisikia mtu. Yule mtu akakipokea. Akakigeuza. Akakisogeza machoni. Halafu haki ya Mungu akatoa ukucha wa kidole gumba AKAKWANGUA. Na maiki kaishika mkono ule ule wenye kibweta, kwa hiyo ukumbi mzima umesikia KRRRR kwenye spika. Kisha akasema "jamani hii si ndo ile ya kupuliza sprei, za buku tatu Kariakoo?" Ukumbi ukacheka. DJ naye, ambaye sijui nimemkosea nini, akapiga honi.

Yaani kakwangua. Nimekaa feni imezimwa, nimesitisha kukohoa kwa familia nzima, mtu anakuja anakwangua. Na kucha zenyewe za kubandika! Zina glita! Mtu kabandika plastiki vidole vyote kumi ndo anapima dhahabu yangu kama feki!

Ile N sasa hivi imebaki nyekundu, maana chini nilipaka nyekundu ili dhahabu ikolee, na mninga nao ni mwekundu mwekundu, kwa hiyo ukikaa meza ya pili unasoma EEMA. Bibi harusi kapokea zawadi kaangalia chini, na yule mtu hana habari, "haya anayefuata, wenye friji wako wapi?" Wenye friji! Wamechangishana ukoo mzima halafu wameingia wanajipepea utadhani wamelibeba kichwani kutoka Uchina.

Sitaki ushauri. Nataka mniambie tu mtu anaanzaje kukwangua. Umepewa zawadi ya mtu mwingine uitangaze, kazi yako ni kuitangaza, unaitazama, halafu kidole kinaenda chenyewe KRRRR. Nimemaliza.

Sijamaliza, nitarudi.

Kibatari

Wa kwanza. Naweka kiti hapa.

Chumvi_ya_Mawe

Pole dada. Huyo namjua, ni yule wa Kimara mwenye gari jeupe. Sendofu ya dada yangu alisoma kadi za michango kwa sauti, jina na kiasi. Baba yangu mdogo alikuwa kaandika elfu kumi, mpaka leo kwenye vikao vya ukoo anakaa nje na madereva.

Mwali_wa_Tabata

Sio wa Kimara. Huyu gari hana, anapewa lifti na anachagua kiti cha mbele.

Mpiga_Debe_Mstaafu

Basi ni wa Mbagala, mwenye jino la dhahabu. Alikuwa anaangalia kama rangi inafanana na lake.

Binti_Ubungo

Hahahahaa mnisaidie jamani nimecheka mpaka mtoto kaamka. Hongera zake bibi harusi Eema.

Seremala_wa_Keko

Dada pole, ila niulize kifundi. Herufi ukizichonga mtaro wa V wenye kina, dhahabu inakaa kule chini, kucha inapita juu juu haifiki. Kucha ikifika maana yake hukuchonga, ulichora. Halafu mninga una vitundu, usipoziba na sila ukapiga msasa laini tena, mbao inakunywa gundi yote na dhahabu inashika nusu nusu.

Mwali_wa_Tabata

Nimesema sitaki ushauri, kwani nimeandika kwa Kichina? Sila nilipaka. Msasa nilipiga mpaka alama za vidole zimefutika, siku hizi simu yangu hainitambui. Na kina kilikuwepo kaka yangu, shida kucha ile ni ndefu, ukiiteremsha kisimani inarudi imelowa.

Seremala_wa_Keko

Sawa. Vanishi juu ulipaka?

Mwali_wa_Tabata

Dhahabu yenyewe hasa haipakwi vanishi, inapoteza ule mng'ao, na wala haipati kutu hata ukiiweka ufukweni Coco. Zinazopakwa ni zile za kuigiza, maana ile ni shaba na zinki, kwa hewa hii ya chumvi zinaanza kuwa kahawia, baadae kijani.

Seremala_wa_Keko

Kitu cha ukutani sawa acha hivyo hivyo. Kitu cha kushikwa shikwa kila siku unakipaka tu dada, koti moja jembamba. Mng'ao unapungua kidogo lakini kinaishi.

Mwali_wa_Tabata

Kushikwa sawa. KUKWANGULIWA je? Kuna vanishi ya kuzuia mtu mzima na akili zake asikwangue? Ikiwepo niuzie debe zima nimpake yeye.

Kijiko_na_Sahani

Chai hii. Dhahabu ya kweli tena? Unajua gramu inauzwaje sasa hivi wewe? Geita huko watu wanashuka shimoni, wewe unamwagia kwenye boksi la hereni.

Mwali_wa_Tabata

Soma kabla ya kuandika. Hizo karatasi zinafuliwa nyembamba kiasi kwamba gramu moja inatandaza karibu mita moja ya mraba. Jina zima limekula chembe ambayo sonara akiiweka kwenye mzani haitikisiki.

Kijiko_na_Sahani

Ahaaa. Kwa hiyo N peke yake kakukwangulia dhahabu ya jero? Povu lote hili la jero?

Mwali_wa_Tabata

Wewe ndo ulikuwa DJ eti?

Mjuaji_Mkuu

Tusiende kwa jazba. Mbao kuilaza dhahabu ni kazi ya kale sana. Kaburi la Tutankhamun kule Misri liligunduliwa 1922, mle ndani kuna mbao zilizofunikwa dhahabu, zimekaa zaidi ya miaka 3,000 na bado zinawaka. Kwa hiyo tatizo sio teknolojia, ni maandalizi.

Binti_Ubungo

Zinawaka kwa sababu yule mama hakualikwa msibani.

Mpiga_Debe_Mstaafu

Ufungwe huu uzi, hakuna koment itakayoipita hiyo.

Baba_Wawili

Mimi naomba kusema neno moja kwa yule mume aliyeambiwa akakohoe kwa jirani. Kaka kama uko humu, njoo inboksi. Hauko peke yako. Wangu ameingia kwenye mishumaa ya maua, juzi nimezima taa kwa bahati mbaya nikaambiwa nimeua harufu.

Mwali_wa_Tabata

Mume wangu hayupo humu na hana shida yoyote. Turudi kwenye kucha.

Tarishi_wa_Posta

Mleta uzi shukuru Mungu umechonga mwenyewe, kosa likitokea ni la kwako na unalijua. Sisi ofisini tulimpelekea ngao kijana mmoja wa mjini, mzee wetu anastaafu, tukamwandikia kabisa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, "Kwa Utumishi Uliotukuka". Tumekwenda kuichukua asubuhi ya shughuli, ipo kwenye boksi, riboni juu, hakuna aliyefungua. Bosi anasimama mbele ya watu anasoma, "Kwa Utumishi Uliotukuta". Akanyamaza. Akasoma tena. Mzee kapokea, kapiga picha, kaenda nayo kwao Same.

Chumvi_ya_Mawe

Uliotukuta!! Kama ajali vile hahahaa.

Binti_Ubungo

Kwani kazi aliyofanya huyo mzee ilikuwaje, isije ikawa kijana aliambiwa ukweli.

Mwali_wa_Tabata

Tarishi pole lakini huyo kijana kakosea bila kukusudia. Wangu KAKUSUDIA. Kaangalia kwanza, kapima, ndo kakwangua. Ile sauti bado iko masikioni.

Kidani_cha_Bibi

Mnalalamika zawadi, mimi nalalamika sare. Tumekubaliana kitenge kimoja wote, nimepeleka kwa fundi wangu Manzese mapema kabisa, jana saa tano usiku ndo ananiletea gauni mkono mmoja mrefu mmoja mfupi, ananiambia dada ndo mtindo. Mtindo! Nimekaa shughuli nzima nimejifunika mtandio upande mmoja, watu wananiuliza kama nimevunjika.

Mpiga_Debe_Mstaafu

Bora wewe umepata na mikono. Suruali yangu ya harusi ya mdogo wangu fundi aliivaa yeye kwanza kwenye harusi ya kwao. Nimeiona kwenye picha za status.

Kijiko_na_Sahani

Mnajua kitu gani kinaniudhi mimi, michango. Unaalikwa kicheni pati mchango, sendofu mchango, harusi mchango, na mtu mwenyewe hamjasalimiana tangu shule. Halafu unawekwa kwenye grupu la WhatsApp bila kuulizwa, kila asubuhi "tunakumbushana wapendwa". Mimi sio mpendwa wako, mimi ni mdeni wako.

Chumvi_ya_Mawe

Na ukitoka kwenye grupu wanatangaza. "Fulani katoka." Kamati nzima inajua mfuko wako.

Baba_Wawili

Mimi nimelipa kadi ya watu wawili, tumefika pilau imeisha, wameleta wali mweupe na mchuzi wa kuku mmoja aliyetembelea kila meza. Lakini wakati tunatoka nimeona akina mama wanapita na foili zimejaa. Sasa hiyo pilau iliisha au ilihamishwa?

Mwali_wa_Tabata

Jamani uzi ni wa kucha. KUCHA. Mtu kakwangua zawadi ya mtu hadharani, ninyi mko kwenye pilau?

Kidani_cha_Bibi

Dada tumekusikia, kakwangua, pole. Baba Wawili hiyo foili usiseme, kwetu aliondoka mtu na sufuria zima, kesho yake analirudisha ana hasira eti lina kutu.

Seremala_wa_Keko

Mleta uzi, kibweta ukikileta kijiweni nakichimbulia hiyo N upya, unakuja na karatasi zako unailaza dhahabu pale pale. Feni sina kwa hiyo hutahangaika kuzima.

Binti_Ubungo

Kidani, huyo fundi wa Manzese sio yule anayekwambia "nipo kwenye kifungo cha mwisho"?

Kidani_cha_Bibi

Huyo huyo! Wewe naye alikushonea?

Binti_Ubungo

Bado. Kitambaa changu anacho tangu Pasaka, na sio Pasaka ya mwaka huu.

Mpiga_Debe_Mstaafu

Cha rangi ya maziwa, kina maua ya bluu?

Binti_Ubungo

Umekijuaje wewe??

Mpiga_Debe_Mstaafu

Mke wake alikivaa Jumapili kanisani.