Kisigino kinauma asubuhi: je, ni gauti?

Mwana Ngamiani: Habari za jioni, ndugu zangu. Mama yangu, ambaye husimama kutwa akiuza samaki katika soko la Mgandini hapa Tanga, analalamika kuwa kisigino cha kulia humchoma kama msumari kila anaposhuka kitandani, ingawa akishatembea kidogo hupata nafuu. Majirani wanasisitiza kuwa ni gauti, nao wamemkataza nyama. Naomba mnieleweshe.

Muuguzi Chumbageni: Mpe mama pole. Maelezo yako hayafanani na gauti, ambayo kwa kawaida huvamia ghafla, mara nyingi usiku, kwenye shina la kidole gumba cha mguu, kikavimba na kuwaka moto hata shuka isivumilike. Maumivu ya chini ya kisigino yanayozidi katika hatua za kwanza za asubuhi, yakapungua, kisha yakarudi baada ya kusimama sana, aghalabu hutokana na kuumia kwa utando mnene unaounganisha kisigino na vidole. Mbonyeze upande wa ndani wa kisigino. Akishtuka hapo, dalili inapata nguvu. Aache ndala bapa, na avute vidole kuelekea kwake kabla hajashuka kitandani.

Bi Raskazone: Naongezea jambo ninaloliona zito: nyayo zote mbili zikiwaka au kufa ganzi, apimwe sukari bila kuchelewa, kwa kuwa mwenye kisukari anaweza kukanyaga mwiba asihisi.

Mwana Ngamiani: Ahsanteni sana. Ganzi hana, na nilipombonyeza alishtuka pale pale. Kesho namtafutia viatu vyenye soli nene.