Mpwa wangu anarusha kriketi kwa spidi balaa ila kiuno kinamuuma, aache au aendelee?

MjombaWaCheyo
Wakuu habari za jioni. Niko Tabora mjini, nina mpwa wangu mtoto wa dada, miaka 15, form two, kriketi ndo kila kitu kwake. Ilianzia shuleni, alikuja mwalimu na vifaa basi dogo akaangukia kwenye kurusha, yaani fasti bola, anakimbia kutoka mbali anaruka anaachia mpira na wenzake wengine hawataki hata kushika bati akiwa yeye ndo anarusha. Sasa siku hizi anashika kiuno, upande wa kushoto tu, na yeye anarushia mkono wa kulia. Mazoezi yakiisha anakaa chini kuvua viatu anaunyoosha mguu pole pole kama mzee. Mwalimu anasema ni misuli itazoea, anamrushisha kila siku maana kuna mashindano yanakuja na yeye ndo tegemeo. Dada naye anataka aache kabisa, anasema kriketi ni mchezo wa Wahindi hauna maisha. Mimi sitaki aache na sitaki aumie. Wenye uelewa nisaidieni, hawa fasti bola maisha yao yanakuwaje, wanaanzaje, wanadumu? Na huu mgongo ni kawaida?

Ng'amboKwetu
Mkuu huyo dada msimulie habari za Makhaya Ntini. Mtoto wa kijiji cha Mdingi, Eastern Cape, Afrika Kusini, kazaliwa 1977, Mxhosa, mchunga ng'ombe kabisa kama vijana wetu wa huku. Ofisa mmoja wa kuendeleza kriketi, Raymond Booi, akamuona kijijini anarusha, akaona hapa kuna kitu, akamtafutia viatu vya kuchezea, na baadaye dogo akapelekwa Dale College, shule ambayo kriketi inachezwa kweli kweli. Mwaka 1998 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea timu ya taifa ya Afrika Kusini. Hakuna Mhindi hapo.

Na asidhani alipokelewa kwa maua. 2020 alisimulia mwenyewe kuwa kwenye timu alikuwa mpweke, akikaa nyuma ya basi wenzake wanaenda kukaa mbele, kwenye chakula hakuna anayemfuata mezani, mpaka ikawa anampa dereva begi lake halafu yeye anakimbia kwa miguu kutoka hotelini hadi uwanjani, na kurudi hivyo hivyo, akwepe tu ule upweke wa ndani ya basi. Mimi hiyo habari huwa inaniuma kila nikiikumbuka. Jamaa huyo huyo 2003 akachukua wiketi 10, yaani aliwatoa wapigaji 10, kwenye mechi moja pale uwanja wa Lord's, London, hakuna Msauzi aliyewahi kufanya hivyo kabla yake, na 2005 kule Port of Spain, Trinidad, akachukua 13 kwa ran 132, ran ndo alama wanazopata wapigaji, ambayo ndo rekodi ya Afrika Kusini kwa mechi moja ya Test. Amemaliza na Test 101 na wiketi 390. Test ni zile za siku tano, bola anarudi kurusha asubuhi wakati mwili bado unauma wa jana. Halafu mtu aseme hauna maisha.

Fizio_Unyamwezi
Mjomba, hapo uliposema kinauma kushoto na anarushia kulia ndo pamenishtua. Kazi yangu ni fiziotherapia, hebu nieleze vizuri.

Bola akitua mguu wa mbele, ule mguu unapokea mzigo mara kadhaa ya uzito wa mwili wake, na wakati huo huo kiuno kinapinda pembeni na kujisokota. Mzigo unaishia kwenye pingili za chini za uti wa mgongo, upande ulio kinyume na mkono wa kurushia. Kijana wa miaka 15 mifupa haijakomaa, kwa hiyo mfupa unachoka unaanza kupata ufa, mwanzoni mdogo sana. Misuli ikiuma ukipumzika siku chache inaachia, lakini haya maumivu yanapoa kisha yanarudi pale pale akianza tu kurusha. Sisemi ndo anacho, sijamuona, ila dalili zako zinafanana mno.

Asirushe tena, kuanzia kesho. Mpelekeni hospitali, na mumwambie daktari wazi kwamba anarusha kriketi na upande gani, maana asipojua atampa dawa ya maumivu mrudi nyumbani. Eksirei inaweza kuonyesha pako safi na ufa upo, MRI, kile kipimo kikubwa cha picha, ndo inauona mapema, kwa hiyo mjiandae pengine kusafiri. Ukikutwa, ni kukaa miezi bila kurusha. Ukiwahiwa unaunga vizuri tu, ukichelewa ndo shida.

IsevyaFinest
Nawaheshimu wataalamu ila tusimlegeze dogo. Spidi ni kipaji, ukikilaza kinakufa. Shoaib Akhtar wa Pakistani alifikisha kilometa 161.3 kwa saa Kombe la Dunia 2003, unadhani alifika pale kwa kulala nyumbani?

Fizio_Unyamwezi
Kaka, muangalie Pat Cummins wa Australia. Novemba 2011 ana miaka 18 anaanza Test pale Johannesburg, anachukua wiketi 7 na anakuwa mchezaji bora wa mechi. Test yake ya pili kacheza lini? Machi 2017! Miaka zaidi ya mitano, sababu kubwa ni mgongo uliokuwa unavunjika kila akirudi. Wakamvumilia, wakamtunza, na 2023 ndo huyo nahodha anabeba Kombe la Dunia. James Anderson wa Uingereza naye alipata ufa wa mgongo 2006, akapumzika, akarudi, akarusha mpaka 2024 karibu anatimiza miaka 42, wiketi 704. Hakuna fasti bola mwingine aliyefika hapo kwenye Test. Kipaji kilikufa wapi? Kinachokiua ni kumrushisha mtoto kila siku.

Uingereza kwa muda mrefu vijana wa umri wake wamewekewa kikomo, ova 6 kwa mkupuo na 12 kwa siku nzima. Ova ni mipira 6, kwa hiyo 72 basi. Muulize dogo anarusha mingapi kwa siku, nina hakika hakuna anayehesabu.

KochaWaMtaani
Naongezea la uwanjani. Anatua kwenye nini? Shule nyingi pichi, ile njia ya katikati wanaporushia, ni saruji imetandikwa zulia, na mtoto kavaa raba zilizoisha soli, kila mpira anaupiga mguu kwenye saruji. Hilo mkaliangalie. Na akipona mtu amtazame anavyorusha kutokea nyuma, mabega na nyonga vielekee upande mmoja, kama nyonga zinamtazama mpigaji na mabega yamegeukia pembeni basi kiuno ndo kinasokotwa kila mpira, hata akipumzika mwaka atarudi kule kule.

Hiyo miezi asiitupe. Ajifunze kupiga na kudaka kadiri daktari atakavyoruhusu, na awe anashika mpira, mshono ukae wima kati ya vidole viwili, kiganja kiwe nyuma yake, arushe juu taratibu akiwa amekaa kitandani auangalie mshono kama unayumba. Anderson hajadumu kwa spidi, amedumu kwa mshono. Njia ipo pia, vijana wetu wa U19, chini ya miaka 19, walifuzu Kombe la Dunia la 2026 la Zimbabwe na Namibia, mara ya kwanza Tanzania, na dogo ana miaka minne mbele yake.

MjombaWaCheyo
Nimesoma yote nikamwita dogo. Kasema hajui idadi, wanarusha mpaka giza liingie. Pichi ni saruji kweli. Dada nimemsomea habari ya Ntini akanyamaza, kasema hospitali anampeleka mwenyewe kesho asubuhi. Kwa mwalimu naenda mimi, ila ni mtu mbishi, nimwambieje?

Fizio_Unyamwezi
Usiende mikono mitupu mjomba. Subiri daktari amuone, omba karatasi iliyoandikwa asirushe mpaka atakaporuhusiwa, ndo uende nayo. Na mwambie dogo bado ni wa timu, aende mazoezini ahesabie wenzake mipira.