Sabuni ya nazi tupu, ya nazi na simsim, au ya majivu: ipi yafaa kwa maji ya visima vya Lamu?

Mwana wa Langoni
Asalaam aleikum wanajamvi. Nataka kutengeneza sabuni ya nyumbani, ya kufulia kanzu na ya kuogea, kwa maji ya kisima yenye munyu (chumvi). Mafuta ya nazi yapo, ya simsim yapo. Wako wasemao majivu ya makumbi ya nazi yatosha, kostiki (sodiamu haidroksidi, dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) ya nini? Nipeni vipimo, si maneno matupu.

Fundi Mkomani
Waaleikum salaam. Anza na maji, mafuta baadaye. Maji ya munyu na chokaa huikataa sabuni ya simsim: haitoi povu, na chokaa huigeuza utando mweupe unaoelea kwenye ndoo na kuganda kwenye kola ya kanzu. Ya nazi ni tofauti. Karibu nusu ya mafuta yake ni asidi ya lauri, na sabuni yake huyeyuka hata penye chumvi. Ndiyo maana sabuni ya mabaharia ya kufulia kwa maji ya bahari ilikuwa ya nazi.

Kufulia: mafuta ya nazi gramu 1000, kostiki 180, maji 360. Hapo karibu mafuta yote yamegeuka sabuni, nguo haibaki na mafuta. Mwilini usiitumie, hukausha ngozi mpaka ikapasuka.

Bi Shela
Naongeza kwa anayeanza: kostiki ndiyo humiminwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya kostiki, huchemka ghafla na kuruka usoni. Na sufuria ya alumini isikaribie kazi hii! Kostiki huila, hutoa gesi inayoshika moto, na sabuni huharibika. Tumia chuma cha pua au ndoo nene ya plastiki. Glavu, miwani, dirisha wazi, watoto mbali. Ikikurukia, osha kwa maji mengi muda mrefu, usipake siki.

Ya kuogea: nazi 700, simsim 250, mafuta ya mbarika 50, kostiki 160, maji 320. Subiri maji ya kostiki yapoe hadi nyuzi 40 hivi, changanya na mafuta, koroga mpaka yawe mazito kama uji mwepesi na mwiko uache alama juu. Mbarika hushikilia povu, lakini ukizidisha mche wa sabuni hunata. Kausha wiki 4 hadi 6, penye kivuli na upepo.

Barani Malindi
Bi Shela, kwa heshima, hiyo robo ya simsim ni nzuri kwa maji ya mvua ya jabia (birika la kuhifadhia maji). Kwa maji ya kisima chake utando utarudi. Afadhali nazi tupu hata ya kuogea, ila apunguze kostiki: mafuta gramu 1000, kostiki 146, maji 290. Asilimia 20 ya mafuta hubaki bila kugeuka sabuni, na hayo ndiyo huilinda ngozi. Akate mapema, siku ile ile, mara tu inapoganda na kisu kupita bila kunata. Nazi tupu ikilala mpaka kesho hukatika vipande vipande.

Bi Shela
Kwa kisima chenye munyu mwingi nakubali. Ila simsim isidharauliwe: penye maji ya mvua, povu lake ni laini na ngozi haibani. Ubaya wake ni kwamba mche ukiwekwa miezi mingi kwenye joto letu hutoka madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta yaliyovunda. Tengeneza kidogo kidogo.

Fundi Mkomani
Majivu sasa. Majivu ya makumbi yana potasiamu nyingi, na potasiamu hutoa sabuni laini ya kuchota, si mche. Shida kubwa ni nguvu ya maji ya majivu: hubadilika kila ukichuja. Yakiwa mepesi, mafuta huelea. Yakiwa makali, sabuni huchoma. Ni nzuri kwa sakafu na vyombo visivyo vya alumini. Kwa kanzu nyeupe, hapana. Majivu ya mikoko yaache kabisa, yana chumvi.

Barani Malindi
Mafuta ya nazi ya kupika nyumbani yachemshwe mpaka yanyamaze, yasitoe kipovu hata kimoja, kisha yachujwe kwa kitambaa. Maji yakibaki ndani, unapima maji ukidhani ni mafuta, na kostiki huzidi. Na mkebe wa kostiki ufungwe mara moja: kwa unyevu wa pwani hunywa maji hewani, uzito unapanda na nguvu inashuka.

Unga mweupe juu ya mche si hatari, kwangua tu. Majimaji ndani ya vishimo huenda ni kostiki. Mche huo usitumike.

Mwana wa Langoni
Ahsanteni sana. Basi zote nazi tupu: ya kufulia kostiki 180, ya kuogea kostiki 146. Nianze na robo kilo. Mizani ya jikoni inayosoma gramu 1 yatosha?

Fundi Mkomani
Kwa kilo moja, yatosha. Kwa robo kilo kostiki ya kufulia ni gramu 45 tu, na kosa la gramu 1 ni zaidi ya asilimia 2: ile akiba ndogo ya mafuta yasiyogeuka sabuni yote imekwisha. Tafuta inayosoma 0.1, au anza na kilo.